Wagonjwa wapo, pesa haionekani: je, bango litasaidia?

SWALI: Nina kliniki ya kupanga meno Nakuru mjini, sasa ina miaka mitatu. Kila mwezi nafunga vyuma wagonjwa wapya wanane, na faili zilizo hai ni 260. Viti viwili vinajaa kutwa, lakini nikishalipa kodi ya nyumba, mishahara na maabara sibaki na kitu. Mgonjwa hulipa shilingi 6,000 kila anapokuja mpaka bei itimie. Nimepewa bei ya bango kando ya barabara kuu ya kwenda Eldoret. Niliweke?

JIBU: Usiliweke, daktari, angalau si mwaka huu. Wagonjwa wako wanaingia vizuri. Hawatoki.

Tazama hesabu zako mwenyewe. Wanane kwa mwezi kwa miezi 36 ni watu 288. Kama 260 bado wamo, waliomaliza ni 28 tu. Kesi ya kawaida ya vyuma vya kubandika huchukua miezi 24 hivi, kwa hiyo wale 96 wa mwaka wa kwanza wangekuwa wameshavuliwa, na wewe ungebaki na faili 192. Hao 68 waliozidi, kila mmoja akipangiwa siku mara moja kwa wiki sita, wanachukua nafasi 11 hivi kila wiki, na wengi wao ama wameshamaliza kulipa ama wanapangiwa siku na hawaji. Ukiongeza bango juu ya hali hiyo utakuwa unanunua foleni.

Jumamosi moja toa faili zote. Kwa kila moja andika tarehe ya kufunga, tarehe uliyotarajia kuvua, mara ya mwisho mgonjwa alipoonekana, deni lililobaki, na braketi (vile vipande vidogo vinavyobandikwa kwenye meno kushika waya) ngapi zimewahi kung'oka. Waliochelewa watajigawa mafungu matatu: waliotoweka kwa sababu ya pesa, wanafunzi wa bweni, na wale ambao braketi zao hazikai.

Fungu la kwanza umelitengeneza mwenyewe kwa malipo ya kila ziara. Mzazi asiye na 6,000 wiki hiyo hakupigii simu, anamficha mtoto nyumbani. Waya nayo haijui kuna deni: inaendelea kuvuta bila anayeiangalia, na uchafu unakaa kandokando ya braketi mpaka meno yanatoka madoa meupe. Tenganisha pesa na ziara. Tuseme bei yako ni 180,000. Chukua 54,000, yaani asilimia 30, siku ya kufunga, kwa sababu braketi, eksirei na saa ndefu ya kiti vyote vinakugharimu siku hiyo. Iliyobaki, 126,000, igawe kwa miezi 18: ni 7,000 kila mwezi, tarehe maalumu, mtoto awe amekuja au hakuja. Deni linaisha miezi sita kabla ya kuvua, na hapo ndipo penye faida ya mpango huu, kwa maana mzazi akishaona meno yamenyooka hamu ya kulipa hupungua. Ritena, vile vifaa vya kuyashikilia meno baada ya vyuma kuvuliwa, ziwe ndani ya bei hiyo. Ukiziuza kando mwishoni, kuna watakaozikataa, meno yatarudi yalikotoka, na mtaa mzima utasema ni kazi yako.

Malipo yapitie Paybill ya M-Pesa, namba ya akaunti ikiwa ni namba ya faili. Till haiulizi namba ya akaunti, na karani wako atashinda akitafuta baba yupi alimlipia mtoto yupi. Aliyeshindwa kabisa kulipa usimnyime ziara kama adhabu. Mpunguzie kiasi na umrefushie miezi, au umwekee waya isiyovuta huku mkizungumza. Ikishindikana kabisa, vua vyuma, mpe ritena, na mzazi atie sahihi kwamba matibabu yamekatishwa.

Wa bweni wanahitaji ratiba yao wenyewe. Huwezi kumwita kila wiki sita mtoto aliye shuleni Kakamega au Kericho. Mfunge mwanzoni mwa likizo, kamwe si juma la kufungua shule, kwa sababu siku za kwanza ndizo za maumivu na za braketi kung'oka. Akirudi shule awe na waya laini ya nikeli na titani, ambayo inaweza kufanya kazi wiki nane hadi kumi bila kuguswa, kisha umwone mapumziko ya katikati ya muhula. Mpe nta ya kuweka panapochoma, na barua kwa matroni. Ujumbe wa kukumbusha uende kwa mzazi siku mbili kabla. Aprili, Agosti na Desemba usimpe mtu mzima nafasi ya mchana. Mpe asubuhi ya mwezi mwingine. Na kila siku acha wazi nafasi mbili za dakika 15 kwa dharura, la sivyo braketi moja iliyong'oka itavuruga orodha nzima.

Kuhusu braketi zenyewe, hesabu zinang'oka jino gani kabla hujamlaumu mtoto. Zikiwa ni za magego ya chini, huenda meno ya juu yanazigonga: weka vijiinuzi vya simenti kwenye magego hadi nafasi ifunguke. Zikiwa nyingi kwa wagonjwa wa msaidizi mmoja, mate yanaingia wakati wa kubandika. Zikiongezeka kote kwa ghafla, pima taa ya kukaushia, maana betri iliyochoka huwaka kama kawaida huku gundi ikibaki mbichi ndani. Zikiwa za meno ya mbele kwa wa bweni, jibu liko kwenye sahani ya githeri. Mahindi makavu, muwa na mahindi ya kuchoma havipatani na vyuma, na mzazi aambiwe hivyo kwa maneno hayohayo. Neno “vyakula vigumu” halimwambii kitu.

Nakuru kuna jambo jingine, nalo ni maji. Floraidi ya Bonde la Ufa huyatia meno rangi ya kahawia, na ngozi ya juu ya jino la namna hiyo haikwaruziki vizuri kwa asidi ili gundi ishike. Asidi ya fosforiki ya asilimia 37 kwa sekunde 30, inayotosha jino la kawaida, hapo mara nyingi haitoshi. Puliza kwanza unga wa alumina wa maikroni 50, kisha ongeza muda wa asidi hadi uone weupe wa chaki. Piga picha kabla ya kubandika, kwa sababu jino lililoathirika sana linaweza kubanduka kipande siku ya kuvua. Na mwambie mgonjwa siku ya kwanza kwamba vyuma hunyoosha, havibadili rangi. Asiyeambiwa atakuja kulia siku mnayotarajia kupiga picha ya furaha.

Pesa ya bango, kama inakuwasha mfukoni, ajiri msaidizi mwingine wa kiti. Wagonjwa wapya watafute kwa madaktari wa meno wa kawaida wa Nakuru, Molo, Gilgil na Njoro. Kila anayekutumia mtu mjibu kwa barua ndani ya siku mbili: umeona nini, utafanya nini, na usafishaji na kuziba meno vinarudi kwake. Madaktari wengi huacha kutuma kwa kuogopa kunyang'anywa mgonjwa. Kamisheni usilipe, ni kinyume cha maadili. Waombe wakutumie watoto wa miaka saba kwa uchunguzi, umri ambao chama cha wataalamu wa kupanga meno cha Marekani hupendekeza. Wengi hutawafunga wakati huo, utawaangalia tu mara moja kwa mwaka.

Kujitangaza kwenyewe kunadhibitiwa na kanuni za baraza letu la madaktari na madaktari wa meno, KMPDC, kwa hiyo zisome kabla ya kumlipa mchoraji. Picha za kabla na baada ni taarifa za afya chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019: bila ruhusa ya maandishi, na ya mzazi kama ni mtoto, haziendi popote, hata kwenye hali ya WhatsApp ya karani wako.

Baada ya miezi sita hesabu faili tena. Zikishuka karibu na 192, kiti kitakuwa na nafasi ya kufunga wawili zaidi kwa mwezi, na habari za bango unaweza kuzifungua upya.