Kwa Nini Makala Yangu Fupi Ndiyo Inayonukuliwa

Juma lililopita niliandikiwa na msomaji anayesomea shahada ya uzamivu katika kemia ogani, akitaka kujua afanye nini ili makala zake zinukuliwe kama zangu. Swali lilinifurahisha kuliko alivyotarajia, kwa sababu wapo waliowahi kuniambia, mbele ya wenzangu, kwamba utafiti wangu haumfai mtu.

Ujana wangu wa kisayansi niliumalizia kwenye usanisi, yaani kuunda maabara, wa molekuli moja ya asili, yenye pete nyingi na tabia mbaya. Tulipoifikia, makala ilitoka katika jarida linaloheshimika, ikasifiwa na wachache, kisha ikasahaulika. Kamati iliyochunguza ombi langu la kupandishwa cheo haikuisoma. Ilitazama kielezo h changu na kunirudisha nilikotoka. Kielezo hicho kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imenukuliwa angalau mara 20. Hesabu hiyo haiulizi kama uliandika peke yako au katika kundi kubwa, wala haitenganishi makala za mapitio, zinazojumlisha kazi za wengine, na utafiti wa maabara. Mimi nilipimwa sambamba na watu wa fani zenye watafiti wengi mno, na hadi leo sioni haki iliyokuwamo.

Hata hivyo, usanisi ule uliacha kitu pembeni. Tulikuwa tumebuni namna nyepesi ya kuondoa oksidi ya trifenilifosfini, ile takataka inayomsumbua kila anayefanya mmenyuko wa Wittig au wa Mitsunobu, njia mbili za kawaida za kuunda molekuli, na kisha kuhangaika kuisafisha bidhaa yake. Mwenzangu mmoja alisema jambo dogo kama hilo halistahili jina la mtafiti makini. Nililichapisha katika makala fupi. Ndiyo makala yangu inayonukuliwa kuliko zote, na yeye mwenyewe ameinukuu.

Sikuwa wa kwanza kuneemeka kwa njia hiyo. Mwaka 1978 Still, Kahn na Mitra walieleza kromatografia ya haraka, njia ya kutenganisha vitu vilivyochanganyika, inayosukumwa kwa shinikizo la hewa. Mwaka 1997 Gottlieb, Kotlyar na Nudelman walichapisha majedwali ya mahali ambapo mabaki ya viyeyushi vya kawaida hujitokeza kwenye spektra za NMR, kipimo cha sumaku kinachoonyesha muundo wa molekuli. Hakuna molekuli ya kustaajabisha katika kazi hizo mbili, lakini ni vigumu kumpata mkemia ogani ambaye hajazitegemea. Hata mmenyuko wa Suzuki na Miyaura wa mwaka 1979, unaounganisha atomi za kaboni za molekuli mbili na uliomletea Suzuki sehemu ya Tuzo ya Nobel mwaka 2010, ulienea kwa kiasi kikubwa kwa sababu asidi za boroniki huvumilia hewa na maji, na mtu yeyote mwenye paladi na besi anaweza kuujaribu.

Basi, kijana wangu, andika kitu ambacho mwingine atakitumia, na ukiandike kiasi kwamba asilazimike kukuuliza. Taja usafi wa vitendanishi, mpangilio wa kuviongeza, halijoto ya ndani ya chupa na si ya bafu la nje linaloipasha au kuipoza tu. Jarida la Organic Syntheses, lililoanza mwaka 1921, halichapishi utaratibu mpaka urudiwe katika maabara ya mjumbe wa bodi yake. Nawe mpe mwanafunzi asiyehusika aurudie wako kabla ya kuutuma. Mavuno, yaani kiasi cha bidhaa ulichopata kati ya kile kilichowezekana, yakiwa asilimia 62, usiandike 85. Usijinukuu ovyo, wala usiingie katika vikundi vya kunukuliana kwa zamu, kwani ni ulaghai hata ukiitwa ushirikiano. Mapitio hunukuliwa sana, ni kweli, ila subiri uwe na la kusema.

Tena usiyafiche yaliyoshindikana. Katika makala ile fupi niliweka safu nzima ya vitu ambavyo njia yetu ilivishindwa, na mhakiki mmoja alitaka niiondoe kwa madai kwamba inapunguza hadhi ya kazi. Nilikataa. Baadaye mtafiti wa dawa nisiyemfahamu aliniandikia kunishukuru kwa safu hiyo, kwa kuwa kimojawapo ndicho alichokuwa karibu kukijaribu, na makala yake iliyofuata iliinukuu yangu katika ukurasa wa kwanza.