Sukari kushuka usiku kwa mtoto mwenye kisukari

Dada yangu, umeuliza kama ni lazima kumwamsha mwanao kila usiku ili kumpima, kwa kuwa unahofia sukari itashuka akiwa usingizini. Kila usiku si lazima, ila zipo siku ambazo mimi humpima wangu saa nane bila kukosa: siku aliyocheza mpira jioni nzima, kwa sababu misuli huendelea kuvuta sukari kutoka kwenye damu saa nyingi baada ya mchezo, na siku aliyokula kidogo ilhali amechomwa dozi kamili ya insulini, dawa inayoshusha sukari. Kama anatumia insulini ile nyeupe kama maziwa, inayoviringishwa viganjani kabla ya kuchomwa, ujue kwamba ya jioni hufikia kilele chake katikati ya usiku. Ukimgusa shingoni ukakuta jasho la baridi, mpime. Sukari ikiwa chini ya 3.9 mmol/L, mpe juisi au maji ya glukosi, kisha upime tena baada ya dakika 15. Asipozinduka, usimtie chochote mdomoni. Mchome glukagoni, sindano ya kupandisha sukari, kama mnayo na mkimbizeni hospitali. Dozi ya jioni usiipunguze kwa kukisia, bali peleka daftari la vipimo kliniki.