Kulungu Mwenye Vinundu: Je, Nyama Yake Inalika?

SWALI: Msimu huu wa uwindaji, hapa Marekani, nilimwangusha kulungu dume wa mkia mweupe. Nilipomkaribia nilikuta vinundu vyeusi, vigumu, visivyo na manyoya, vimezunguka jicho lake moja na kuteremka hadi shingoni, kikubwa chao kikilingana na yai la kuku. Mwenzangu mmoja alinishauri nimwache palepale porini, na mwingine akasema nyama haina neno. Nilimchuna, na nyama ninayo katika friza, lakini moyo wangu haujatulia kuwapa watoto. Naomba ushauri.

JIBU: Ndugu msomaji, umefanya vyema kuuliza kabla ya kupika. Kwa jinsi ulivyovieleza, vinundu hivyo vinaelekea sana kuwa faibroma, yaani uvimbe wa ngozi unaoletwa na virusi vya papiloma vya kulungu. Virusi hivyo huenezwa na wadudu wanaouma, au kulungu wanapogusana wakiwa na michubuko, na havimwambukizi binadamu. Mara nyingi mnyama hupona mwenyewe baada ya miezi kadhaa, isipokuwa pale uvimbe unapokuwa mkubwa kiasi cha kumzuia kuona au kula.

Jambo la kukumbuka ni namna ngozi ilivyotoka ulipokuwa ukichuna. Faibroma hukaa kwenye ngozi tu: ukikishika kinundu, kinasogea pamoja na ngozi, na ukichuna, kinaondoka nayo, nyama ya chini ikibaki safi na yenye rangi yake ya kawaida. Ikiwa ndivyo ulivyoona, na mnyama alikuwa amenona, vinundu hivyo peke yake si sababu ya kuitupa nyama hiyo. Lakini ikiwa kisu kilikutana na usaha, harufu mbaya, au nyama iliyolegea na kugeuka kijani, hilo lilikuwa jipu au kidonda kilichooza, na hapo ni lazima ukate kwa upana kupita sehemu iliyoharibika. Na kama usaha umeenea sehemu nyingi za mwili, mnyama mzima hafai kuliwa.

Ziko hali nyingine za ngozi zinazofanana machoni pa mwindaji. Magamba mazito yaliyoshikamana na manyoya, yanayong'oka kwa mafungu, huweza kuwa dermatofilosi, ugonjwa wa bakteria unaopenda unyevu, ambao ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1915 kwa ng'ombe wa Kongo. Huu unaweza kumpata mtu kupitia mchubuko mkononi, kwa hiyo anayechuna avae glavu. Manyoya yakipukutika na ngozi ikawa nene, huenda ni ukurutu wa utitiri, ambao nao huishia kwenye ngozi.

Kwa maoni yangu, wawindaji wengi huiogopa ngozi mno na kuyasahau ya ndani. Mnyama anapopasuliwa, tazama mapafu na upande wa ndani wa mbavu: vinundu vya njano au vya rangi ya kahawia isiyokolea vilivyojipanga hapo huweza kuwa kifua kikuu cha ng'ombe, na mzoga huo usiuguse tena kabla ya kuwaarifu maofisa wa wanyamapori. Vilevile kulungu aliyekonda sana, anayedondosha mate na kuyumba, asipigwe kwa ajili ya chakula hata kama ngozi yake inang'aa. Ugonjwa sugu wa kukondesha, uliotambuliwa Colorado mwaka 1967, hauonyeshi alama yoyote kwenye ngozi, na mnyama anaweza kuwa nao kwa muda mrefu huku akionekana mzima. Husababishwa na prioni, yaani protini zenye umbo lisilo la kawaida, ambazo moto wa jikoni hauziharibu. Hadi sasa hakuna binadamu aliyethibitika kuupata, lakini wataalamu wa afya wanashauri kwamba nyama ya mnyama aliyepatikana nao isiliwe.

Kwa nyama yako, basi, ikiwa ilikuwa safi chini ya ngozi na eneo ulilowinda halina ugonjwa sugu wa kukondesha, ipike hadi iive kabisa, na ile ya kusaga ifikie nyuzi 71 za selsiasi katikati. Ikiwa ugonjwa huo umewahi kuonekana huko, usiitoe katika friza kwanza. Kama kichwa bado unacho, kipeleke kwa maofisa wa wanyamapori wakipime, kwani sampuli huchukuliwa kwenye tezi zilizo nyuma ya koo, na usubiri majibu.