Kabla mtoto hajafungwa bresi, uliza anapigwa picha gani na ya kuangalia nini

Wazazi wenzangu naulizwa sana inboksi kuhusu bresi za watoto, zile waya za kunyoosha meno, na karibu wote mnaanza na bei, mara rangi za vile vimpira, mara zinakaa muda gani. Mi nawaambia anzeni na picha. Bresi haipangi yale meno unayoyaona tu, inasukuma na mizizi ndani ya mfupa wa taya, na mizizi huwezi kuiona kwa kumulika tochi mdomoni, sasa mtu akitaka kumfunga mwanao waya bila kujua kule ndani kuna nini anafanya kwa kubahatisha.

Kwangu ilikuwa hivi. Binti yangu alikuwa anaelekea miaka 12, chonge ya juu upande wa kulia imeshatoka siku nyingi, ya kushoto kimya, na lile jino la utotoni bado limeganda pale hata halitikisiki. Kliniki ya kwanza wakamwangalia dakika chache wakasema tulete advansi wiki ijayo anafungwa. Nikauliza picha je, nikajibiwa meno yote yanaonekana vizuri tu. Nikamshika mwanangu mkono tukaondoka.

Tukaenda kwa daktari mwingine, huyu ni bingwa wa kupanga meno kabisa, akampiga kwanza picha za kawaida za kamera, uso kwa mbele na kwa pembeni, akicheka na akiwa ametulia, halafu akamwandikia OPG. Hii ndo ile eksirei ndefu inayoonyesha taya zote mbili kwa mpigo, meno yaliyotoka na ambayo bado yako ndani, yaliyozidi na yale ambayo hayapo kabisa. Mtoto anasimama, anang'ata kijiti cha plastiki kwa meno ya mbele, kidevu kinakaa kwenye kiegemeo, mashine inamzunguka kichwa kwa sekunde chache tu. Kabla ya kuingia mvue heleni, cheni na klipu za nywele maana chuma kinaacha kivuli juu ya picha, na mwambie abandike ulimi juu kwenye kaakaa asiushushe, akiushusha kunatokea utepe mweusi unaofunika mizizi ya meno ya juu, na hapo picha inaweza kurudiwa na mtoto anakula mionzi mara ya pili bure.

Basi OPG ikaonyesha chonge ipo, ila imelala, kichwa chake kimeenda kuegemea mzizi wa jino la mbele la pembeni. Daktari akaniambia, mama, hili huwapata kama watu 2 katika kila 100, na likiachwa linaweza kula mzizi wa jirani yake taratibu bila mtoto kusikia maumivu yoyote. Nikawaza ile kliniki ya kwanza wangefunga waya na kuanza kulivuta jino ambalo mzizi wake umeegemewa na chonge!

Hapa wenye watoto wa miaka 9, 10 sikilizeni vizuri. Nawa mikono, pitisha kidole kwenye fizi ya juu kwa nje, juu ya yale meno ya chonge ya utotoni. Kwa umri huo au muda mfupi baadaye unatakiwa uanze kusikia kivimbe kigumu kila upande, ndo chonge ya ukubwani inashuka. Kama upande mmoja kipo na mwingine hakuna, au jino la pembeni yake ni dogo dogo limechongoka, mpeleke akaangaliwe mapema, maana wakati mwingine kung'oa lile la utotoni kwa wakati wake kunatosha, chonge inajinyoosha yenyewe.

Picha nyingine aliyopiga ni ya kichwa kwa ubavu, wao wanaita sefalo, imeanza kutumika tangu 1931. Daktari anaitumia kupima pembe za taya, ajue tatizo ni meno yenyewe yamechomoza au taya ya chini ndo imebaki nyuma, na mifupa ya shingo inayoonekana humo inamwonyesha mtoto bado ana ukuaji kiasi gani. Hilo la ukuaji ni kubwa kwa sababu taya inayokua inaweza kuelekezwa na vifaa, ikishamaliza kukua mambo yanaweza kufika kwenye upasuaji.

Sasa OPG ina udhaifu wake, imebapa, haikwambii jino limelala upande wa kaakaa au upande wa mdomo. Kuna njia ya bei rahisi ambayo wengi hawaijui, wanapiga vieksirei viwili vidogo, cha pili mashine imesogezwa pembeni kidogo, jino lililosogea upande uleule wa mashine liko nyuma, yaani kwenye kaakaa, lililoenda kinyume liko mbele, upande wa mdomo. Kwa walio mikoani ambako hakuna mashine kubwa hii inasaidia sana, muulizeni daktari. Sisi kwa vile kulikuwa na wasiwasi wa mzizi kuliwa tukafanya sitiskani ya meno, ile ya 3D, ila kwa kaeneo kadogo tu ka pale juu kushoto.

Na hapa ndo nataka muwe wakali. Sitiskani sio ya kila mtoto. OPG ni kama maikrosiveti (kipimo cha mionzi) 15 mpaka 25 hivi, yaani mionzi ya kawaida ya mazingira ya siku tatu nne, sefalo ni chini ya hapo, lakini sitiskani inaanzia makumi mpaka mamia kutegemea mashine na ukubwa wa eneo, na mtoto mionzi inamgusa kuliko mtu mzima. Ukiambiwa ni paketi, kila anayefungwa bresi anapigwa, uliza: hii picha itabadilisha nini kwenye mpango wa mwanangu? Daktari wetu alijibu palepale, akasema mzizi ukiwa umeliwa sana tutabadilisha jino la kung'oa. Hilo ni jibu. Zile skana za mdomoni zenye kimulimuli msiziogope, ni mwanga tu hazina mionzi, ila zinaona juu ya fizi peke yake, haziwezi kuchukua nafasi ya eksirei.

Tena ombeni faili zenu kwenye flashi, faili halisi sio picha ya skrini ya Whatsapp, mkihama kliniki mtoto asirudiwe upya. Na kwa Tanzania mashine za mionzi ziko chini ya Tume ya Nguvu za Atomiki, una haki kabisa ya kuuliza kibali.

Mzizi wa binti yangu ulikuwa umeguswa kidogo tu, jino la utotoni likang'olewa, wakamfungulia fizi wakabandika kamnyororo kadogo kwenye chonge na sasa inavutwa pole pole, ncha imeshatokeza. Daktari kasema kuna OPG nyingine kabla ya kumaliza, kuangalia mizizi imesimama sawa na haijafupika. Hiyo nimeikubali.