Nina saratani na nimetalikiwa: je, nirudiane na mume ili nipone?

Swali: Daktari, nina miaka 46. Nimegundulika na saratani ya matiti, hatua ya pili, na karibuni naanza tibakemikali, yaani dawa kali za kuua saratani. Dada yangu amesoma kwamba wagonjwa wenye ndoa huishi zaidi, ananisihi nirudiane na mtalaka wangu. Muuza dawa za mitishamba naye anadai upweke ndio unaolisha uvimbe, nisubiri kwanza anitulize moyo. Nifanyeje?

Jibu: Usisubiri hata siku moja, dada. Uvimbe hauna habari na cheti cha ndoa.

Alichosoma dada yako kipo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2013, wenye rekodi za wagonjwa 734,889, ulikuta hatari ya kufa kwa saratani ni ndogo kwa asilimia 20 kwa wenye ndoa. Watu huishia hapo, kisha wanaanza kutafuta wachumba! Utafiti huohuo ulionyesha kwamba wenye ndoa waliogundulika saratani ikiwa imeshasambaa walikuwa wachache zaidi, na walipata zaidi matibabu yaliyokusudia kuponya. Hata baada ya kuzingatia hayo, tofauti ilibaki. Lakini rekodi hizo hazisemi nani alimaliza dozi zote, nani alikuwa na sonona, nani alisindikizwa kliniki, wala kama nyumba ilikuwa na amani. Tena wenye afya na kipato kizuri ndio huoa na kuolewa kwa urahisi zaidi. Kumrudia mtu mliyeshindwana hakukupi lolote kati ya hayo. Huenda ukapata mgonjwa wa pili wa kumuuguza, yaani ndoa yenyewe.

Unachohitaji ni watu wenye kazi maalumu. Nani atakupeleka hospitali usiku homa ikifika 38 ukiwa kwenye tibakemikali? Hiyo ni dharura, haingoji asubuhi. Nani atakaa nawe daktari anapoeleza, akiandika unayoyasahau? Dada yako anayatosha yote mawili. Mwambie daktari wako mapema majina ya watakaokusaidia, maana wapo madaktari wanaodhani asiye na mwenzi hana mtu, wakampa tiba nyepesi kuliko anayostahili.

Sasa huyo muuzaji. Wa namna yake nawaona kila mara, na wagonjwa wao hunifikia mimi wakiwa wamechelewa. Huokota ukweli nusu, wakaubandika kwenye chupa. Hatua ya pili hutibiwa kwa lengo la kuponya. Ikishafika kwenye mifupa au ini, lengo hilo kwa kawaida huwa limetutoka, na hakuna aliyewahi kurudishiwa muda aliopoteza akitulizwa moyo. Baadhi ya mitishamba pia huingilia jinsi ini linavyochakata dawa za saratani, zikapungua nguvu au zikageuka sumu. Kama umeshaanza kunywa chochote chake, kipeleke na chupa yake kwa daktari wako kabla ya dozi ya kwanza. Hatakugombeza. Akikugombeza, mwambie nimekutuma mimi.