Maswali ya Wasomaji: Fashoda, Reli ya Uganda na Maasi ya Ravine

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mwanangu yuko shule ya upili hapa Kisumu na amefundishwa kwamba reli iliyofika kwetu ilijengwa kwa sababu ya Fashoda. Nimeitafuta Fashoda kwenye ramani ya Kenya na ya Uganda nikaikosa. Iko wapi, na inatuhusu vipi?
Mama wa mwanafunzi, Kondele, Kisumu

JIBU: Mama, umeikosa kwa sababu Fashoda iko ukingoni mwa Naili Nyeupe, katika nchi ambayo leo ni Sudan Kusini, na siku hizi huitwa Kodok. Alichofundishwa mwanao kina ukweli ndani yake, ila miaka haikupangwa sawasawa. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ilhali mgogoro wa Fashoda, baina ya Uingereza na Ufaransa, ulizuka Septemba 1898, kwa hiyo haiwezekani la pili liwe chanzo cha la kwanza. Yote mawili yalitokana na hofu moja. Uingereza ilikuwa imeikalia Misri tangu mwaka 1882, na Misri haiishi bila Naili. Mwaka 1893 mhandisi Mfaransa aitwaye Victor Prompt alieleza hadharani kwamba anayeshika sehemu za juu za mto huo anaweza kuuwekea bwawa na kuinyima Misri maji au kuigharikisha. Kuanzia hapo ziwa mnaloliona kila siku, ambalo ndilo linaloilisha Naili Nyeupe, likawa jambo la usalama kwa wakubwa wa London, na reli ya kulifikia ikapata watetezi wengi zaidi Bungeni, pamoja na wale waliotaja biashara na vita dhidi ya utumwa.

Wafaransa walimtuma Kapteni Marchand kutoka pwani ya Atlantiki ili aishike sehemu hiyo ya Naili, akiwa na maafisa wachache na askari wapatao 150 wa Afrika Magharibi. Safari yao ilichukua takriban miaka miwili, na ilifika mahali wapagazi wakalazimika kubeba meli ndogo ya mvuke iliyofunguliwa vipande vipande, kutoka mito ya Kongo hadi mito inayoingia Naili. Walifika Fashoda tarehe 10 Julai 1898.

Waingereza nao walikuwa na mpango wa kuwatangulia, na mpango huo ulivunjikia kwetu. Meja Macdonald aliagizwa kwenda kaskazini kutoka upande wa Uganda, kwa kisingizio cha kuchunguza chimbuko la mto Juba. Mnamo Septemba 1897, askari Wasudani aliopewa waligoma wakiwa Eldama Ravine, mji ambao leo ni mwendo mfupi wa matatu kutoka Nakuru, lakini wakati huo ulihesabiwa kuwa ndani ya Uganda. Walikuwa wametoka vita hadi vita bila kupumzishwa, Nandi na Buganda, kwa mshahara mdogo uliocheleweshwa, na sasa walitakiwa kwenda wasikokujua huku wake zao wakiachwa nyuma. Walielekea Busoga, wakaiteka ngome ya Luba, na baadaye wakamuua afisa wao Mwingereza, Meja Thruston, na wenzake wawili waliokuwa mateka. Maasi hayo yaliendelea hadi mwaka 1898, na Macdonald hakufika Fashoda kamwe. Vitabu vingi huwasifu Marchand na Jenerali Kitchener wa Uingereza na kuwapita askari hawa kwa sentensi moja. Mimi naona kwamba somo la Fashoda lisilowataja halijakamilika, kwa kuwa wao ndio walioamua kwamba Uingereza ingefika kwa njia ya kaskazini tu.

Kwa njia hiyo alikuja Kitchener, akiwa ametoka kuwashinda wafuasi wa Mahdi, kiongozi wa dini aliyeasi utawala wa Misri nchini Sudan, huko Omdurman tarehe 2 Septemba 1898, akiwa na mashua za mizinga na jeshi kubwa kuliko la Marchand mara nyingi. Hakuna risasi iliyofyatuliwa baina yao. Kitchener alivaa sare ya jeshi la Misri, akapandisha bendera ya Misri, na akawaachia Wafaransa magazeti ya kwao. Katika magazeti hayo walisoma jinsi nchi yao ilivyogawanyika kwa kesi ya Dreyfus, afisa Myahudi aliyehukumiwa kwa uongo kuwa jasusi, na wakatambua kwamba msaada hautakuja. Paris iliamuru waondoke mwezi wa Novemba, na tarehe 11 Desemba wakaiacha Fashoda. Reli ilifika Port Florence, yaani Kisumu yenu, mnamo Desemba 1901, wakati ambapo hofu iliyoisukuma ilikuwa imekwisha. Mwaka uliofuata eneo hilo likahamishwa kutoka Uganda na kuwa sehemu ya nchi iliyokuja kuitwa Kenya.

SWALI: Ikiwa nchi hizo mbili zilikaribia kupigana mwaka 1898, ilikuwaje zikawa upande mmoja katika Vita Kuu ya Kwanza mwaka 1914?
Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, Delcassé, waziri wa mambo ya nje wa Ufaransa, aliona kwamba adui wake halisi ni Ujerumani, na kwamba hana nguvu za kupambana na wawili. Mnamo Machi 1899 pande hizo zilikubaliana kwamba mpaka upite kwenye nyanda zinazotenganisha mito ya Kongo na ya Naili. Kisha tarehe 8 Aprili 1904 zikatia sahihi mapatano mapana, ambapo Ufaransa iliacha kuidai Misri, na Uingereza ikaiachia nafasi huko Moroko.