Jibu: Kebo ya jukwaani kupata moto

Umeuliza kwa nini kebo yako ya kuzungusha (ile ndefu ya kurefusha umeme, inayoviringwa kwenye gurudumu) ilipata moto wakati taa zilikuwa wati 2,500 tu na plagi ni ya ampea 13. Hesabu yako haina kosa: kwa volti 230 hiyo ni kama ampea 11. Tatizo ni kuiacha imejiviringa. Joto la mizunguko ya ndani halina pa kutokea, plastiki inalainika, mwishowe nyaya zinagusana. Ikunjue yote, hata kama jukwaa liko hatua tano. (Yangu niliwahi kuikuta imegandana, nikaikata kwa kisu.) Na kabla ya kuunganisha chochote, bonyeza kitufe cha majaribio kwenye ile swichi ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja. Isipokata, usichomeke hata maiki.